Masale ya Ua wa Kuku

Mama Zakaria aliacha maagizo mawili tu: asivalishwe viatu, na azikwe kwenye ua wa kuku. Aliyenipa habari kwa simu ni Bi Rehema, jirani yake wa siku zote, na kwa kuwa Bi Rehema huongea na simu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, ofisi nzima iliyasikia maagizo hayo kabla sijaitoa simu sikioni. "Kwenye ua wako, Mwalimu! Ule uliojenga wewe!" Nikasema nimesikia. Mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza kama nimefiwa au nimepata tenda ya ujenzi. Nilicheka, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua la Dar es Salaam la saa sita mchana, na kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa huzuni. Ilikuwa baridi, kwenye mabega, pale hasa koti linapokaa.

Nilipomjua Mama Zakaria ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, na maoni kuhusu kila kitu. Mradi mmoja wa maendeleo, ambao ulishakufa na sioni sababu ya kuufukua, ulinipeleka kwenye kijiji kimoja juu ya Mlalo, kwenye milima ya Lushoto, kufundisha ufugaji bora wa kuku wa kienyeji. Watu wale walikuwa wakifuga kuku kabla mradi haujazaliwa, na mimi kuku nilikuwa nimewazoea zaidi wakiwa wameandamana na chipsi, lakini jambo hilo halikumsumbua mtu, mimi mwenyewe nikiwa wa mwisho kusumbuka. Nilipewa kijitabu chenye picha za rangi. Kuku wa kwenye picha walikuwa weupe wote, wakitembea kwenye nyasi tambarare zilizoishia mbali, palipo na mawingu. Nilipopelekwa mimi hapakuwa na tambarare ya kutosha kusimamisha meza, na mawingu yalikuwa yanaingia mpaka jikoni.

Nilipangiwa kukaa kwa Mama Zakaria, mjane wa Kilutheri, kwa sababu alikuwa na chumba kitupu. Neno kitupu lilikuwa la viongozi wa kijiji. Nilipousukuma mlango nilikuta kitanda kimetandikwa, blanketi limekunjwa upande wa miguu, kikombe cha bati dirishani, jembe nyuma ya mlango, na koti zito la kahawia likining'inia kwenye msumari. Lilikuwa koti la mitumba, vifungo vyake vyote vya kahawia isipokuwa kile cha juu kabisa, cha bluu, kilichoshonwa kwa uzi mweupe na mtu mwenye haraka. Kilikuwa chumba cha mtu aliyetoka kidogo kwenda kuchota maji. Mtu huyo alikuwa Zakaria, mtoto wake wa pekee, aliyeshuka mlimani kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Handeni, na kwa miaka kadhaa sasa hakuwa ameleta hata salamu.

Nilifika wakati wa kipupwe, miezi ambayo ukungu hupanda kutoka bondeni mara baada ya chakula cha mchana na kukaa na watu mpaka kesho yake. Jioni ya kwanza tulikula makande jikoni, kwenye jiko la mafiga lililokuwa kwenye kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi lililonipendeza sana. Mama Zakaria aliutazama mkono wangu ukitetemesha kijiko, akainuka bila neno, akarudi na lile koti. "Vaa." Nikamwambia, "Mama, hili si lina mwenyewe?" Akasema, "Lina mwenyewe. Vaa. Akija atakuvua mwenyewe." Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kwamba chai inapoa. Nikavaa. Lilinikaa sawasawa, mabegani na mikononi, kama nilikuwa nimepimwa. Ndipo nilipoliona bakuli la tatu, limefunikwa kwa sahani, karibu na majivu ya moto. Hakuna aliyeligusa jioni ile, na hakuna aliyeligusa jioni yoyote. Asubuhi chakula chake kilimwagwa nje, kuku wakala.

Chumba changu na sebule vilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao mbao zake zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hiyo nilisikia yote, na kama mwanasosholojia niliona kusikiliza ni sehemu ya kazi. Mgeni wa mara kwa mara alikuwa Mzee Hoza, mdogo wa marehemu mume wake, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini na fimbo ya mkaratusi. Alikuja jioni moja, akapewa chai ya mchaichai, akainywa mpaka chini kabla ya kusema alichokuja kusema.

"Shemeji, mpaka lini?"

"Mpaka lini nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Mtoto hayupo. Tukae siku zetu, tumwombee, tumalize. Nyumba haiwezi kukaa mlango wazi namna hii."

"Mlango naufunga kila jioni. Njoo usukume uone."

"Shemeji, na mimi ni baba yake. Na mimi naumia."

"Umemwona amelala? Kuna aliyemwona? Nitakaaje matanga ya mtu ambaye koti lake lina joto? Liko mgongoni kwa Mwalimu, nenda kaliguse."

 Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Kisha Mzee Hoza akasema, kwa sauti iliyozidi kushuka, "Na hilo koti nalo. Jana nilimwona pale kwenye mipeasi, kwenye ukungu, anapanda na ndoo. Kidogo nimwite."

"Ungemwita," alisema Mama Zakaria. "Labda angeitika."

Upande wa pili wa ukuta niliitazama mikono yangu ikitoka kwenye mikono ya koti, na kwa muda sikuwa na maoni.

Niwe mkweli, nililipenda lile koti, nalo lilinirahisishia kazi. Mama Zakaria alikuwa na koo mmoja mzee wa kijivu, miguu yake imekakamaa kama mizizi ya tangawizi, ambaye Zakaria alimlea tangu kifaranga. Nikiwa na shati tu, kuku yule alinipita kama jiwe. Nikivaa koti alinifuata: mtoni, chooni, hata mpaka njia panda nilipokuwa nikisubiri viongozi wa mradi, akisimama nyuma ya kisigino changu na kutoa ile sauti ndogo ya kooni ambayo kuku humtolea mtu wao. Bi Rehema, aliyekuwa na shamba la karoti chini ya nyumba yetu na macho yaliyofika kila mahali, alikuwa akiniita kutoka shambani kwa jina langu la kazi, kwa bidii, mara mbili au tatu. "Mwalimu! Ni wewe Mwalimu?" Nikiitika anacheka. "Haya, nilikuwa nahakikisha tu."

Mitetea wa mradi walipoletwa, wazuri, wenye manyoya ya kung'aa, nguchiro waliwasherehekea. Walikuja mchana kweupe, wakachimba chini ya tenga nililowafungia, wakachukua walichotaka. Hapo nikaamua kujenga, na kusema kweli banda nililijenga vizuri. Nililiinua juu ya nguzo kiasi cha goti ili unyevu wa chini usipande, nikalipa kuta za fito na udongo mpaka katikati na juu yake mianzi yenye nafasi ili hewa ipite. Sakafu ya mbao niliitandaza nyasi kavu. Nilitia vijiti vya kulalia na viota vya kutagia kwenye pembe yenye giza, maana kuku anayetaga hapendi kutazamwa, na mlango nikauelekeza mashariki upate jua la asubuhi, siku jua lilipojisikia kuja. Mchana kuku wangetoka kujitafutia. Ua ulihitajika kwa ajili ya asubuhi na jioni tu, na kwa vifaranga. Waya wa wavu ulitoka kwenye mradi. Niliuchimbia chini na kuukandamiza kwa mawe, nguchiro akichimba akutane nayo. Kilichobaki kilikuwa nguzo za kuushikilia.

Kijitabu kilisema nguzo za mkaratusi huliwa na mchwa. Siku Mama Zakaria alipokwenda Mlalo kwenye mkutano wa akina mama wa kanisani, nilizunguka na panga nikitafuta kitu bora zaidi, na chini kabisa, mpakani mwa shamba, nikakikuta: miti myembamba iliyonyooka, mibichi, unene wa kifundo cha mkono, yenye majani marefu yaliyojikusanya juu kama ufagio. Panga lilipita kama kwenye kabichi. Laiti ningesema sikujua ni miti gani. Nilijua ni masale. Nilikuwa nimeyaona mara nyingi, kwenye vyungu, kwenye mapokezi ya hoteli za Dar es Salaam. Kwamba watu wa milimani wangeweza kuwa na maana nyingine nayo zaidi ya kupamba mapokezi, hilo halikuwa kwenye mtaala. Niliyakata, nikayapogoa, nikayachimbia kuzunguka banda. Kwa kuwa tuta la shamba lilikuwa jembamba, ua ulitoka mrefu na mwembamba, umelala mashariki kwa magharibi, na nguzo mbichi zimesimama kuuzunguka kwa nafasi sawa. Nilirudi nyuma nikautazama na kuridhika.

Mama Zakaria aliporudi jioni alisimama, kitabu cha nyimbo kikiwa bado kwapani. Akauzunguka ua wote polepole. Akaweka kiganja juu ya mkato wa nguzo moja, pale utomvu ulipokuwa haujakauka.

"Umeyatoa mpakani?"

"Ndiyo, Mama. Niliona yamezidi."

"Umeyachimbia chini sana?"

"Mpaka kwenye kiwiko. Hayang'oki haya."

Alibaki ameshika ile nguzo. Yule kuku wa kijivu alikuwa miguuni pake. "Sawa," alisema mwishowe. "Tungoje mvua." Nilidhani anazungumzia kuvuja kwa banda, nikamwambia bati nimelipiga misumari ya kutosha.

Mvua za vuli zilikuja, na nguzo zangu zikaota. Hapakuwa na hata moja iliyokataa. Kila moja ilitoa chipukizi pembeni mwa mkato, kisha majani, kisha ufagio mzima, na kwa wiki chache ua wa kuku ukawa umesimamiwa na watu wa kijani wenye nywele zilizosimama. Niliwaambia viongozi wa mradi kwamba nimevumbua uzio hai. Niliona pia kwamba heshima yangu kijijini imepanda. Njia ya kwenda sokoni ilipita chini tu ya ua, na watu waliokuwa wakija wakicheka walinyamaza walipofika usawa wetu. Mwanamume mmoja aliyebeba gunia la kabichi alijitahidi mpaka akapata mkono mmoja wa kuvua kofia. Watoto wa shule waliacha kupiga mluzi. Mama mmoja mtu mzima alisimama njiani, akatikisa kichwa polepole, akanitazama nikiwa natupa mahindi, akaondoka haraka mno kwa umri wake. Niliandika nyumbani, Mungu anisamehe, kwamba watu wa hapa wanathamini sana utaalamu.

Kwa Washambaa masale huwekwa mpakani, na huwekwa kwenye kaburi. Anayepita na kuona masale yamepandwa kuzunguka kipande kirefu chembamba nyuma ya nyumba hahitaji kuuliza, na kuuliza ni kukosa adabu. Kijiji kizima kilielewa kwamba Zakaria ameletwa kutoka machimboni, kwamba ameletwa katika hali ambayo mama yake hakutaka ionekane, na kwamba amezikwa kimyakimya. Walitusubiri tuseme. Hatukusema. Basi wakaamua kuja.

Walikuja mchana, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba niliusikia msafara kabla ya kuuona. Kulikuwa na miguu mingi kwenye matope na wimbo wa kanisani ulioimbwa midomo ikiwa nusu imefungwa. Nilikuwa ndani ya ua na sinia la pumba, koti nimelifunga mpaka kifungo cha bluu, kuku wamenizunguka, yule wa kijivu mbele yao. Wa kwanza kutokea alikuwa yuleyule mama mtu mzima, na bakuli la unga kichwani. Alikuja kumlilia Zakaria. Akainua macho, akamwona Zakaria, amesimama katikati ya kaburi lake, analisha kuku.

Sijawahi kusikia sauti kama ile tangu siku ile na siitafuti. Bakuli lilianguka ndani ya waya, unga ukamwagika, na kuku, ambao hawana dini, wakaushambulia. Nyuma yake wimbo ulikatika mdomoni kwa kila mtu. Mimi, nikitafuta neno la kufaa, nilisema, "Shikamoo." Akina mama wawili wakakimbia. Wakati huo Bi Rehema akapenya mbele, kijuba kimemwendea upande, akanikazia macho, akasema kwa nguvu, "Ni Mwalimu! Ni Mwalimu, jamani, huyu anakula makande kila siku, nimemwona!" Kisha akakaa chini kwenye majani mabichi na kucheka mpaka akalia.

Mama Zakaria alitoka jikoni akijifuta mikono. Alitazama vitenge vilivyofungwa kiunoni, mafungu ya kuni, mabakuli ya unga.

"Nani amekufa?"

 Mzee Hoza alisogea, kofia mkononi. Alikuwa analia, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko ule ukelele. Alikuwa mtu aliyengoja ruhusa ya kulia na sasa ameipata.

"Shemeji, watu wameshakuja. Ungetuambia. Hata mimi hukuniambia."

"Nikwambie nini? Pale kuna kuku."

"Na masale?"

"Yamewekwa na Mwalimu. Hakujua."

Wote wakanigeukia. Ninajua sasa namna mtu anavyotazamwa anapokuwa amemchimbia kaburi mwenye koti alilolivaa.

"Basi yang'olewe," alisema Mzee Hoza.

"Nani atayang'oa?" aliuliza Bi Rehema kutoka chini. "Yameshaota. Mimi mkono wangu siuleti hapo." Wanawake wakaguna kuafiki. Mzee Hoza aliitazama nguzo iliyokuwa karibu naye na hakuigusa. "Basi tukae," alisema. "Shemeji, tafadhali. Kama hayang'oki, tukae. Pokea unga."

Nilikuwa nimeishi pale vya kutosha kujua kwamba hapo ndipo jambo zima lilipokuwa. Akipokea unga amekubali. Akiupika wakala, Zakaria amekufa. Mama Zakaria alilitazama bakuli lililoletwa mbele yake kwa muda mrefu, mikono yake ikiwa imefungwa ndani ya aproni, kama anaogopa itanyooka yenyewe. "Rudini na unga wenu," alisema. "Hongeeni, asanteni, mmenikumbuka. Rudini. Ule ni ua wa kuku, na hakuna atakayeng'oa kitu."

Waliondoka na mabakuli yao, ila lile lililomwagika. Kuku walikuwa wameshamaliza. "Basi wafiwa ni kuku," alisema Bi Rehema akijipangusa, na watu walicheka kidogo, wakatazamana. Tangu siku ile hakuna mtu kijijini aliyekubali yai kutoka kwetu. Hivyo ndivyo ulivyoishia ufugaji bora.

Jioni ile nilivua koti nikalirudisha kwenye msumari. Nilikula nikiwa na shati, nikitetemeka, na Mama Zakaria aliliona hilo na hakusema kitu. Bakuli la tatu lilikuwa mahali pake. Siku chache baadaye nilitoka Lushoto nikakuta msumari mtupu. Nikamuuliza.

"Panya," alisema.

"Koti zima, Mama?"

"Panya wa huku ni wakubwa."

Nikacheka kwa adabu. Kesho yake alinipa fulana ya sufu aliyoifuma mwenyewe, yenye mikono mirefu kupita kiasi, na hilo likaisha. Yalibaki mambo madogo, ambayo niliyaona moja moja na sikuwahi kuyaweka pamoja. Kwenye kona ya ua, upande wa magharibi, udongo ulikuwa umetifuliwa na kupigwapigwa. Kuku hawawezi kuuona udongo laini wakauacha. Walikwenda kuparua, na Mama Zakaria, ambaye hakuwahi kumtishia kuku, aliwafukuza kwa ufagio, wote isipokuwa yule wa kijivu. Na yule wa kijivu aliacha kulala bandani. Wenzake wakipanda ngazi jioni, yeye alikwenda kwenye ile kona, akajizungusha, akalala chini, iwe mvua au isiwe mvua. Nilimbeba nikamweka juu ya kijiti kama kijitabu kilivyoagiza, nikafunga mlango. Asubuhi alikuwa konani. Nguchiro, ambao mtandao wao wa habari ulikuwa mzuri kuliko wa mradi, hawakumgusa.

Jioni moja, wakati wa kufungia kuku, nilimwinua nikaweka kiganja pale alipokuwa amelala. Udongo ulikuwa na joto, na hilo si ajabu, kuku ni kiumbe wa joto. Ila joto lenyewe lilikuwa refu. Nilisogeza mkono kushoto na kulia, nikalifuata, nalo lilikwenda mbali kuliko kuku mmoja anavyoweza kulala, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Nilimrudisha mahali pake. Sikumbeba tena.

Na asubuhi, kazi ya kufungulia kuku Mama Zakaria aliichukua yeye. Nilimsikia kutoka kitandani, kupitia dirishani, ukungu ukileta sauti karibu kuliko ilivyokuwa. Komeo, mlango, miguu ya kuku kwenye ngazi. Kisha sauti yake ikizungumza, ya chini, ya kawaida. "Umelala? Kulikuwa na baridi." Kimya kidogo, kama cha kungoja jibu. "Nimekuletea. Hayana chumvi nyingi." Na mlio wa bakuli likikwanguliwa kwa kijiko. Nikageukia upande wa pili nikijiambia kwamba wajane huongea na kuku, na kwamba ningeweza kuandika makala juu ya hilo.

Mradi ulikufa kabla mwaka haujaisha. Siku ya kuondoka nilimuuliza, kwa sababu nilikuwa kijana na nilidhani maswali ni ujasiri, "Na Zakaria akija?" Akanitengeneza kola. "Nitamwambia ulimtunzia kuku." Nilimtembelea mara nyingi miaka iliyofuata, na kila mara kulikuwa na bakuli la tatu, na kila mara alisema "akija" kwa sauti ileile ya chai. Nilikuwa nikirudi mjini nikiwasimulia watu juu ya mwanamke ambaye hakukubali. Nilisimulia vizuri. Watu walipenda.

Safari hii nilifika asubuhi ya maziko. Masale yalikuwa yamepita paa la nyumba. Banda langu bado limesimama, limebadilishwa bati, na kuku wa kizazi nisichokijua walikuwa wakizunguka miguuni mwa wachimbaji. Mchungaji kijana alikuwa ameuliza, kwa upole, kama hakuna sehemu nyingine. Bi Rehema, aliyezeeka bila kupunguza sauti, alikuwa amemjibu. "Kaniambia mahali, na kaniambia na namna. Karibu na ile kona, si kwenye kona yenyewe. Aachiwe nafasi mkono wa kulia. Nikamuuliza nafasi ya nini, akaniambia Rehema, wewe waelekeze tu."

Wachimbaji walitanua kidogo kupita alama, upande wa kulia, na jembe likatoka na kitambaa. Walidhani ni gunia. Kijana mmoja akakung'uta udongo, na kutoka kwenye kitu ambacho hakikuwa tena na rangi kikadondoka kifungo cha bluu, kisafi kama cha jana, na uzi wake mweupe.

Nililijua kabla halijatolewa lote. Lilikuwa limelazwa, halikutupwa. Mikono imekunjwa kifuani, vifungo vimefungwa. Mzee Hoza, anayeongozwa sasa kwa mkono kwa sababu macho yamekwisha, akauliza kilichopatikana.  Nikamwekea kifungo kiganjani. Akakipapasa kwa kidole gumba, akakizungusha, akaupata uzi.

"Alimzika," alisema. Kisha akaongeza, "Mwenyewe. Bila sisi."

Nilikuwa nimesimama pale na umri wangu wote na elimu yangu yote, na nilichokisikia kilikuwa kijiko kikikwangua bakuli. Hayana chumvi nyingi. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nilidhani alikuwa akiwauliza kuku.

Mzee Hoza aliagiza koti lirudishwe kama lilivyokuwa, na kifungo chake. Akamwomba mchungaji asome majina mawili. Mchungaji akayasoma, mama na mtoto, na yule mzee akalia kwa sauti, kama alivyotaka kulia siku ile ya ukungu, na safari hii hakuna aliyemzuia. Akina mama walipoleta unga Bi Rehema aliupokea kwa mikono miwili, bakuli baada ya bakuli. Kutoka kwenye la mwisho alichukua konzi moja akawatupia kuku. "Na wao," alisema.

Nililala kwenye chumba cha Zakaria. Msumari bado upo. Niliamka kulipopambazuka, kabla ya watu, nikatoka kwenda kufungulia kuku, nikiwa na shati, maana hilo ni kati ya mambo machache niliyojifunza. Ukungu ulikuwa mpaka magotini na kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Nilipofika kwenye udongo mpya niliinama nikaweka kiganja upande wa kushoto, kwa Mama. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kisha nikakiweka upande wa kulia.

Bandani niliwasikia kuku wote, bado wako juu ya vijiti vyao, wakijigeuzageuza, wakingoja mlango. Komeo lilikuwa limefungwa. Nilibaki nimeinama pale muda mrefu, kiganja changu kikipata joto taratibu, kisha nikasema kwa sauti ya chini yale yaliyokuwa yakisemwa hapo kila asubuhi, nikangoja kidogo, nikaenda kuwafungulia.